Mkono wa Mchonga Viko

Msomaji, ukipata kupanda Mlima Kenya, utapita msitu wa miti mirefu, kisha mianzi, na katika kimo cha mita 3,000 hivi utafika penye vichaka vya mti wenye majani membamba kama sindano na maua madogo meupe. Wataalamu wa mimea huuita Erica arborea. Wapandaji wengi huupita bila kuutupia jicho. Lakini mti huo huo huota pia kandokando ya bahari ya Mediterania, na nundu ya shina lake ililisha mji mzima. Kwa nini mti mmoja uwe kichaka tu mahali pamoja, na riziki ya watu mahali pengine? Jibu halimo katika mti. Limo katika mkono wa mwanadamu.

Mji ninaousema ni Saint-Claude, katika milima ya Jura, mashariki ya Ufaransa. Hapo kale palikuwa na nyumba kubwa ya watawa, na mahujaji walikuja kuzuru masalio ya mtakatifu ambaye mji una jina lake. Wenyeji, ambao ardhi yao ni ya mawe na kipupwe chao ni kirefu, walijifunza kuchonga na kukereza tasbihi na sanamu ndogo za mti wawauzie wageni. Baba alimfundisha mwanawe, naye akamfundisha wake. Mapinduzi ya Ufaransa yalipozuka mwaka 1789, mambo ya dini yalitikisika na mahujaji wakapungua. Soko lile lilififia, walakini ujuzi haukufa. Mikono ile ile ilishika kazi ya vikasha vya ugoro na viko vya tumbaku.

Viko vya awali vilikuwa na kasoro: miti iliyotumiwa, ijapokuwa migumu, iliungua kwa moto wa tumbaku. Katika miaka ya 1850 ikaletwa nundu ya Erica kutoka kusini. Nundu hiyo hukua pale shina linapokutana na mizizi. Moto wa porini ukiteketeza matawi, machipukizi mapya hutoka humo. Basi mti uliozoea kuokoka motoni ndio uliofaa kubeba moto. Wachongaji wa Saint-Claude waliupokea mara moja, kwa kuwa mikono yao ilikwisha kufunzwa kabla mti haujafika.

Nundu ni mwalimu mkali. Ikikauka kwa ghafula hupasuka. Kwa hiyo huwekwa penye unyevu hata siku ya kukatwa kwa msumeno. Vipande vyake huchemshwa saa nyingi ili utomvu utoke, kisha huachwa vikauke polepole kwa miezi mingi. Asiyeweza kungoja hawezi kazi hii.

Sasa tuseme wewe ni mwanafunzi wa kazi hiyo, unataka kuchonga kwa kujifurahisha tu. Shauku itakuambia uanze na umbo la nje, kwani ndilo lionekanalo. Ukiisikiliza, utapotea. Kwanza chora kiko ubavuni mwa kipande. Pili, pekecha shimo la tumbaku, na kijitundu cha moshi, vikutane chini kabisa ya shimo. Kijitundu kikifika juu mno, tumbaku ya chini haitaungua vizuri. Fanya hayo kipande kingali na pande zilizonyoka, maana hapo jiliwa hukishika imara. Ndipo upunguze kwa msumeno na tupa, ulainishe kwa msasa, kisha usugue kwa nta. Ziache kuta ziwe nene, kwa sababu mti ukishaondolewa haurudi. Wala usiende kuitafuta Erica mlimani. Mlima Kenya ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1949. Kipande cha mzeituni wa porini, kilichopatikana kwa halali na kukauka vyema, kitakufunza. Kiko chako cha kwanza kitakuwa kizito na kitaelemea upande. Usikitupe; kiweke karibu na cha pili, uone mkono wako umejifunza nini.

Katika karne ya 20 sigara zilienea, viko vikapungua kutakiwa, na karakana nyingi za Saint-Claude zikafungwa. Leo yajulikana wazi kwamba tumbaku huleta saratani na maradhi ya moyo, nami sikushauri kuchonga ili uvute. Twaitazama kazi hii kwa sababu yatufundisha kwamba bidhaa hupita, na ujuzi hudumu maadamu yupo wa kuupokea.

Hata kwetu jambo hili limeonekana. Yasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, alijifunza kuchonga sanamu huko Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918, akarudi na kuwafundisha jamaa zake. Uchongaji wa Wakamba ukajulikana hata ng'ambo. Miti ilikuwapo Ukambani siku zote. Kilichosafiri ni ujuzi, nao ulisafiri mikononi mwa mtu mmoja.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapoupita mti ule mlimani, simama kidogo uutazame. Kisha itazame mikono yako, ujiulize ni kazi gani imekwisha kufunzwa, na ni nani atakayeipokea kwako.