Marbury Tunamjua, Mtikila Je?

Kijana mmoja wa hapa Ukonga alikwenda kusoma uhandisi katika chuo cha umma huko Texas, Marekani. Alitazamia hesabu na fizikia. Akaambiwa kwamba pamoja na hayo hana budi kusoma somo la utangulizi la Serikali ya Marekani, la sivyo hatapata shahada. Alipouliza mjenzi wa madaraja ana shughuli gani na Bunge, akajibiwa kuwa hiyo ni sheria ya jimbo. Na kweli ndivyo ilivyo. Texas inamtaka kila anayesomea shahada ya kwanza katika chuo cha umma, awe wa uganga au wa kilimo, asome Katiba ya nchi na ile ya jimbo, kwa kawaida katika masomo mawili.

Humo hufundishwa mihimili mitatu ya dola na jinsi kila mmoja unavyouzuia mwingine usipite mpaka. Hufundishwa kwamba Rais huchaguliwa na wajumbe 538, na anayepata 270 ndiye mshindi. Na iko kesi moja ambayo hakuna mwanafunzi anayeikwepa, ya Marbury na Madison ya mwaka 1803. William Marbury aliteuliwa kuwa hakimu katika siku za mwisho za Rais John Adams, lakini serikali mpya ikakataa kumkabidhi hati yake ya uteuzi. Jaji Mkuu John Marshall alisema kuwa bwana yule ana haki ya kupewa hati, ila sheria aliyoitumia kuja moja kwa moja mbele ya mahakama ile inapingana na Katiba, kwa hiyo ni batili. Marbury akakosa kazi, na Marekani ikapata kanuni kwamba mahakama inaweza kuitangua sheria iliyotungwa na Bunge.

Basi tujiulize, sisi tulifundishana nini kuhusu serikali yetu?

Mwaka 1961, nchi ilipokuwa inapata uhuru, vyuo viwili vilifunguliwa Dar es Salaam. Kivukoni kilianzishwa kuwapika viongozi. Chuo Kikuu nacho kilianza Oktoba mwaka huo katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 15. Wanasheria hao walisoma katiba za mataifa, lakini katiba yao wenyewe haikuwa na orodha ya haki za raia ambazo mahakama ingeweza kuzilinda. Viongozi wa TANU waliikataa. Walihofia kuwa majaji, ambao wengi wao siku zile walikuwa wageni, wangepata nafasi ya kuizuia serikali changa iliyokuwa na haraka ya kuleta maendeleo. Mwaka 1962 tulipokuwa Jamhuri tulichagua kuwa na Rais mtendaji kama Marekani, lakini minyororo ambayo Marekani imemfunga nayo Rais wake hatukuitaka.

Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Kuanzia hapo somo la Siasa likaingia mashuleni, na Mlimani kila mwanafunzi, hata wa uhandisi, akalazimika kusoma masomo ya maendeleo. Kwa hiyo jambo lililomshangaza kijana wetu kule Texas lilikuwa limekwisha kufanyika hapa kabla hajazaliwa.

Tusiyabeze masomo yale. Yalimfundisha mtoto wa mkulima kwa nini pamba yake huuzwa kwa bei anayoipanga mtu wa mbali. Lakini mwanafunzi alifundishwa Chama kimetoka wapi na kinakwenda wapi, na mwaka 1975 Katiba ya Muda ikarekebishwa kutamka kuwa Chama ndicho chenye kushika hatamu. Swali la raia afanye nini serikali inapomwonea halikuwamo katika mtihani, na hata lingekuwamo, Katiba isingekuwa na jibu la kutosha.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1984, Bunge lilipoingiza haki za raia katika Katiba. Hata hivyo serikali ilijipa muda wa kujitayarisha, na mtu hakuweza kuishtaki kwa haki hizo mpaka Machi 1988.

Matunda hayakuchelewa. Mama mmoja wa Kihaya, mkoani Kagera, aliuza shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mpwa wake akamshtaki, akisema mila inamkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia mpwa. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, ambako Februari 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kuwa mila inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Mauzo ya mama yakahesabiwa halali.

Kisha akaja Mchungaji Christopher Mtikila. Mwaka 1993 alifungua kesi Mahakama Kuu Dodoma, akidai pamoja na mengine kwamba raia awe na haki ya kugombea uongozi bila ya kudhaminiwa na chama. Dai hilo halikuwa geni, kwani mwaka 1960 mgombea binafsi alishinda kiti cha Mbulu. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alimkubalia, akatangua pia sheria iliyovilazimisha vyama kuomba kibali cha polisi kabla ya mkutano wa hadhara. Hilo la kibali serikali ililikubali, na sheria ikabadilishwa ili chama kitoe taarifa tu. La mgombea binafsi ililikataa. Desemba mwaka huo huo Bunge lilibadilisha Katiba ili kuufunga mlango ambao Jaji ameufungua.

Mtikila hakukata tamaa. Alishinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la kisiasa, liachiwe Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, ikampa ushindi. Alifariki Oktoba 2015 katika ajali ya gari, siku chache kabla ya uchaguzi ambao wagombea wake wote walikuwa wa vyama.

Atatokea wa kusema kwamba somo la serikali halimfanyi mtu kuwa mwema, na Wamarekani wenyewe ni shahidi. Atakuwa amesema kweli. Katika majimbo yao ya kusini, kwa miaka mingi mtu mweusi aliyetaka kujiandikisha kupiga kura aliweza kuambiwa kwanza aeleze maana ya kifungu cha Katiba, na msahihishaji alikuwa karani mzungu aliyekwisha amua kumfelisha. Hilo lilianza kukomeshwa kwa sheria ya mwaka 1965. Lakini angalieni, karani yule alijua vizuri kwamba Katiba ni silaha, ndiyo maana hakutaka wengine waishike.

Sisi tunayo kesi yetu kama ya Marbury, na yetu ina mambo mazito zaidi ya hati ya hakimu mmoja. Tofauti ni kwamba ya kwao husomwa na mhandisi na daktari, na yetu imebaki kwa mawakili. Somo la uraia lilichukua nafasi ya Siasa katika miaka ya 1990, lakini ni wangapi waliolisoma wanaoweza kueleza mama wa Kagera alishinda kwa hoja gani?

Hukumu zote mbili, ya Mwanza na ya Dodoma, ziliandikwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Basi na hizi za zamani zitafsiriwe, zisomwe katika kila chuo, kuanzia cha ualimu hadi hiki chetu cha maafisa wa Magereza hapa Ukonga. Anayeshika funguo za gereza anahitaji kuzijua haki hizo kama yule anayefungiwa ndani.