Dereva Mpya na Hofu ya Usukani Katika Historia ya Sheria za Barabara

Hofu inayompata mtu aliyefuzu udereva hivi karibuni, hasa anaposhika usukani kwa mara ya kwanza bila mwalimu pembeni, huelezwa mara nyingi kama udhaifu wa nafsi yake, jambo la tabia au la malezi, ilhali historia ya sheria za barabara inaonyesha kwamba hofu hiyo ina tarehe zake, na kwamba kwa kiasi kikubwa imetokana na namna serikali zilivyoamua nani abebe lawama ya hatari za gari. Uingereza ndiyo nchi inayofaa kuchunguzwa kwanza, si kwa sababu ilitangulia nyingine, maana haikutangulia, bali kwa sababu utaratibu wake wa leseni ya muda, herufi L nyekundu na mtihani mmoja wa barabarani ndio uliopelekwa katika makoloni mengi, na mkazi wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala aliyewahi kujifunza udereva atautambua bila kuelezwa sana.

Katika miaka ya mwanzo ya gari hapakuwa na dereva mpya kwa maana ya kisheria, kwa kuwa madereva wote walikuwa wapya. Mvumbuzi wa gari Karl Benz alipewa ruhusa ya maandishi ya kuliendesha na mamlaka za Baden, Ujerumani, Agosti mwaka 1888, na mwezi huohuo mkewe, Bertha, aliendesha gari kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100, akiwa na wanawe wawili na bila mtu yeyote kumuuliza kama anaweza. Ufaransa ndiyo iliyouliza mapema: amri ya mkuu wa polisi wa Paris ya mwaka 1893 ilimtaka mwenye gari awe na cheti cha uwezo, na kazi ya kuwapima watu hao ikaangukia wahandisi wa migodi. Huko Prussia, kuanzia mwaka 1903, kazi kama hiyo ilipewa vyama vya wakaguzi wa matangi ya mvuke, jambo linaloweza kumchekesha msomaji wa leo lakini lenye mantiki yake, kwa kuwa gari lilionekana kama mtambo unaoweza kulipuka, na mwendeshaji wake kama fundi anayepaswa kujua valvu na mabomba kabla ya kujua nani apite kwanza kwenye njia panda.

Uingereza ilikwenda njia nyingine kabisa. Sheria ya mwaka 1865 ilikuwa imeweka hofu yote upande wa umma, kwa kudai kwamba kila chombo kinachojiendesha kwa mvuke kitanguliwe na mtu anayetembea kwa miguu akibeba bendera nyekundu, na kwamba mwendo usizidi maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mijini. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1896, na mwaka huohuo, tarehe 17 Agosti, mwanamke aliyeitwa Bridget Driscoll aligongwa na kuuawa na gari la maonyesho katika viwanja vya Crystal Palace, London, tukio linalokumbukwa kuwa kifo cha kwanza cha mtembea kwa miguu kwa gari la petroli nchini humo. Sheria ya Magari ya mwaka 1903, iliyoanza kutumika Januari 1904, ilileta leseni, lakini leseni hiyo ilinunuliwa kwa shilingi 5 katika halmashauri ya eneo bila mtihani wowote. Umri wa miaka 17 ulitosha, na sheria haikudai uthibitisho kwamba mnunuzi anaona vizuri, seuze kwamba anajua breki ilipo. Kwa miaka 30 hivi Mwingereza aliyeingia barabarani kwa mara ya kwanza hakuwa na chochote cha kumtofautisha na aliyekuwa ameendesha tangu ujana wake.

Isidhaniwe kwamba madereva wa enzi hiyo hawakuogopa. Waliogopa, ila hofu yao ilielekea kwenye mashine zaidi ya kuelekea kwa watu. Injini iliwashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma mbele ya gari, na injini ikirudi nyuma ghafla mkono huo uliweza kuvunja kiwiko au kifundo cha mwendeshaji, hatari iliyoanza kuondoka pale Cadillac ilipoweka kiwashio cha umeme kilichobuniwa na Charles Kettering katika magari yake ya mwaka 1912. Kubadili gia kulidai kukanyaga klachi mara mbili, yaani kuitoa gia, kuiachia klachi, kuisawazisha kasi ya injini kwa mafuta, kisha kuikanyaga klachi tena kabla ya kuingiza gia inayofuata. Aliyekosea alisikika mtaa mzima, kwa kuwa meno ya gia yalisagana kwa kelele, na aibu hiyo ilipungua tu baada ya kampuni hiyohiyo kuleta gia zinazojisawazisha mwishoni mwa miaka ya 1920. Dorothy Levitt, mwanamke aliyejulikana kwa mashindano ya magari, alichapisha mwaka 1909 kitabu cha mafunzo kwa wanawake wanaotaka kuendesha, na humo aliwashauri wabebe kioo kidogo cha mkononi wakiinue mara kwa mara kutazama nyuma, na pia bastola ndogo kwa aliyesafiri peke yake. Kioo hicho kilitangulia kioo cha ndani cha magari ya kawaida kwa miaka kadhaa, na ushauri wote kwa jumla unaonyesha mwalimu aliyeichukua hofu ya mwanafunzi wake kama jambo la kuandaliwa vifaa, si la kukemewa.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika miaka ya 1930. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imefuta kikomo cha mwendo cha maili 20 kwa saa kwa magari madogo, na vifo vya barabarani vikawa vingi kiasi ambacho bunge halikuweza kuvumilia: mwaka 1934 pekee watu 7,343 walikufa katika barabara za Uingereza. Sheria iliyopitishwa mwaka huo ilirudisha kikomo cha mwendo mijini, safari hii maili 30, na ikaamuru kwamba kila aliyeanza kuendesha tarehe 1 Aprili 1934 au baadaye afanye mtihani. Waziri wa Uchukuzi, Leslie Hore-Belisha, ndiye aliyeusimamia utaratibu huo. Mitihani ya hiari ilianza Machi 1935 ili kuzuia msongamano, na mtihani ukawa wa lazima tarehe 1 Juni. Mtu wa kwanza kufaulu anatajwa katika kumbukumbu za serikali kwa jina la Bwana Beere, aliyelipa shilingi 7 na peni 6. Vituo vya mitihani havikuwapo bado, hivyo mtahini na mtahiniwa walikutana mahali walipokubaliana, kama vile bustanini, kwenye stesheni ya treni au mbele ya ukumbi wa mji, na mtahini mmoja aliweza kuwapima watu kati ya 9 na 16 kwa siku, kila mmoja kwa nusu saa.

Katika mwaka huo wa kwanza walijitokeza watahiniwa wapatao 246,000, na asilimia 63 kati yao walifaulu. Takwimu hiyo ya pili ndiyo yenye uzito kwa mada hii, kwa sababu maana yake ni kwamba zaidi ya theluthi ya watu walioamini wanaweza kuendesha waliambiwa rasmi na dola kwamba hawawezi. Kabla ya hapo gari liliweza kumshinda mtu njiani, lakini hakuna ofisa aliyekaa pembeni yake kimya akiandika. Baada ya hapo udereva uligeuka kuwa jambo la kufaulu au kufeli, na hofu ya kutazamwa ikaongezeka juu ya hofu ya kugonga. Herufi L, yaani alama nyekundu juu ya kibao cheupe cha mraba ambayo mwanafunzi alilazimishwa kuibandika mbele na nyuma ya gari, ilitangaza hali hiyo kwa kila aliyepita. Hata hivyo, herufi hiyo ilikuwa pia ngao, kwa kuwa gari likizimika katikati ya njia panda wengine walijua sababu, na sheria ilimlazimu mwanafunzi awe na mtu mwenye leseni kando yake. Kasoro ya utaratibu wa 1935, ambayo watunga sheria hawakuiona au hawakuijali, ni kwamba herufi na msindikizaji viliondolewa siku moja, saa ileile mtahini aliposaini cheti, kana kwamba mkono wa kalamu ungeweza kumpa mtu uzoefu wa mvua, usiku na mlima wenye msururu wa magari nyuma yake.

Zaidi ya hayo, mtihani wenyewe haukuwa imara kama ulivyoonekana. Ulisitishwa Septemba 1939 vita vilipoanza, ukarejea Novemba 1946, na mwaka uliofuata waliokuwa na leseni za muda za wakati wa vita waliruhusiwa kuzibadili ziwe leseni kamili bila kupimwa. Ulisitishwa tena kuanzia Novemba 1956 hadi Aprili 1957 wakati wa mgogoro wa Mfereji wa Suez, ambapo watahini walipelekwa kusaidia kugawa petroli kwa vibali na wanafunzi wakaruhusiwa kuendesha bila msindikizaji. Ukiongeza wale wote walioanza kuendesha kabla ya Aprili 1934, ambao hawakuwahi kufanya mtihani maishani mwao, inadhihirika kwamba kwa miongo kadhaa dereva mpya mwenye kutetemeka alikuwa akipigiwa honi na watu ambao baadhi yao hawakuwahi kupimwa na yeyote.

Afrika Mashariki iliupokea utaratibu huo kupitia sheria za kikoloni na kuuhifadhi baada ya uhuru, pamoja na kuendesha upande wa kushoto na herufi L yenyewe. Kenya iliuongezea kitu chake, nacho ni ubao wa mji wa mfano, yaani meza iliyochorwa barabara, mizunguko na alama zake, ambapo mtahiniwa husukuma kigari cha kuchezea kwa kidole huku akieleza anakopita na kwa nini. Ubao huo hufundisha vizuri haki ya njia, na kwa nchi yenye magari machache ya kufundishia ni njia ya busara ya kuokoa petroli. Lakini kwenye ubao hakuna matatu inayopenya kutoka kushoto wala bodaboda inayokatiza mbele ya bampa, na aliyejibu maswali yote kwa ufasaha mezani huweza kukuta miguu yake inagoma kwenye klachi siku ya kwanza mjini.

Sayansi ilichelewa kuisaidia sheria. Mwaka 1908 wanasaikolojia wa Marekani Robert Yerkes na John Dodson, kwa majaribio waliyofanya na panya, walieleza kanuni ambayo baadaye ilitumiwa kwa binadamu, kwamba msisimko wa kadiri husaidia kujifunza kazi ngumu ilhali msisimko uliozidi huiharibu. Mwaka 1972 Ronald Mourant na Thomas Rockwell, katika Chuo Kikuu cha Ohio State, walifuatilia macho ya madereva na kuona kwamba wapya hutazama karibu mno na pua ya gari na hutumia vioo mara chache kuliko wazoefu. Matokeo hayo yanaeleza hofu kwa namna isiyomlaumu mtu: anayetazama karibu huona kila kitu kikimjia ghafla, na anayeshtushwa kila mara hana budi kuogopa. Funzo lililowashangaza wengi zaidi lilitoka Norway, ambako mwaka 1979 mafunzo ya kudhibiti gari kwenye utelezi yalifanywa ya lazima; utafiti wa Alf Glad, uliotolewa mwaka 1988, ulionyesha kwamba ajali za vijana wa kiume kwenye barabara zenye utelezi ziliongezeka badala ya kupungua, na maelezo yaliyokubalika ni kwamba mafunzo yaliwapa kujiamini kuliko ustadi. Kwa lugha nyingine, kumwondolea dereva mpya hofu bila kumpa macho ya kuona mbali kulimtia hatarini zaidi.

Ni baada ya miaka mingi ya mtihani mmoja ndipo sheria zilipoanza kuutambua muda unaofuata baada ya kufaulu. Ireland ya Kaskazini iliweka herufi R ya rangi ya chungwa kwa mwaka mmoja wa kwanza, na mwendo usiozidi maili 45 kwa saa. New Zealand ilianzisha mwaka 1987 leseni ya hatua kwa hatua, ambayo humzuia dereva mpya kuendesha usiku wa manane au kubeba abiria bila msindikizaji mpaka apite kipindi cha kati. Uingereza yenyewe ilichagua adhabu: tangu Juni 1997 anayekusanya alama 6 za makosa ndani ya miaka 2 ya kwanza hunyang'anywa leseni na kurudi kuwa mwanafunzi, na mwaka 2002 iliongeza katika mtihani wa nadharia kipimo cha kutambua hatari kwa picha za video, hatua iliyokaribia zaidi yale ambayo utafiti wa macho ulikuwa umeyasema miaka 30 kabla yake.

Japani ndiyo iliyofikiri tofauti. Tangu mwaka 1972 dereva wa huko hubandika kwa mwaka mmoja alama ya kijani na manjano yenye umbo la jani changa, na sheria haikuishia kumwekea yeye masharti, bali ilimfanya kuwa mkosaji dereva mwingine anayembana au kumchomekea mwenye alama hiyo pasipo dharura. Miongoni mwa sheria zote zilizotajwa hapa, ni hiyo peke yake iliyokiri kwamba sehemu ya hofu ya dereva mpya husababishwa na walio nyuma yake, na kwamba hao nao wanastahili faini. Uingereza, iliyoipa dunia herufi L, haijafika huko: herufi P ya kijani kwa waliofuzu karibuni inabandikwa kwa hiari, na uvumilivu wa madereva wengine kwao umeachwa kuwa ushauri tu ndani ya kitabu cha kanuni za barabarani.