Kupanga Chumba, Kupanga Vyombo: Nyumba ya Kariakoo na Mapambo Yake

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mambo mawili. Mtu hupanga chumba, yaani hukikodi kwa mwenye nyumba. Na akishaingia hupanga vyombo, yaani huviweka kwa utaratibu unaopendeza macho. Katika historia ya Kariakoo, Dar es Salaam, matendo hayo mawili yaliandamana kwa karibu karne nzima. Mpangaji hakuwa na ukuta wake, wala paa lake, wala hakika ya kukaa mahali hapo mwaka ujao. Alichokuwa nacho ni mikono yake na vitu alivyoweza kuvipata kwa bei ndogo, vingi vikiwa vimekwisha kutumika mahali pengine. Kwa vitu hivyo alijifanyia maskani. Historia ya mji huu huandikwa kwa majina ya magavana, bandari na vyama. Inaweza pia kuandikwa kwa mikeka, mapazia na madebe, na ikiandikwa hivyo, wahusika wake wakuu ni wanawake wa uani.

Ada ya kukipa kitu cha mbali kazi ya pili ni kongwe katika pwani hii. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, zidaka za chokaa zilipangwa sahani na mabakuli yaliyokuja kwa jahazi, nayo yakawa pambo la ukuta badala ya vyombo vya mezani. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, yako makaburi ya kale yaliyopachikwa vyombo vya kauri vya Kichina. Sahani iliyofinyangwa kwa ajili ya chakula ikawa kumbukumbu ya marehemu, na aliyeipachika aliona ameipandisha daraja. Nyumba ya udongo ya Kariakoo haikuwa na zidaka wala kauri. Hata hivyo, jicho lililotazama debe tupu na kuona paa ni jicho lilelile lililotazama sahani na kuona pambo.

Kariakoo yenyewe ilianza kwa kambi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamekwisha kupima viwanja kwa mistari iliyonyooka, magharibi ya Mnazi Mmoja, ili Waafrika wahamishiwe huko. Waingereza walipoutwaa mji, Septemba 1916, eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalifanya jina hilo Kariakoo. Wapagazi kwa maelfu walikufa katika vita hivyo, zaidi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la soko mashuhuri kuliko yote Tanzania limebaki kuwa ukumbusho wao, ingawa wengi wanaolitaja hawajui. Soko lilifunguliwa mwaka 1923, na mitaa iliyolizunguka ikapewa majina yanayosomeka kama orodha ya waliohamia: Congo, Nyamwezi, Sukuma, Pemba, Mafia. Mmoja uliitwa Sikukuu.

Sheria za ujenzi za wakoloni zilidai majengo ya kudumu kule Uzunguni na Uhindini. Kariakoo ziliruhusu miti, udongo na makuti, na Mnazi Mmoja ukaachwa uwanja mtupu ili kuutenga mji wa Waafrika na miji ya wengine. Katika viwanja hivyo ikasimama nyumba iliyokuja kuitwa ya Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, na nyuma uani penye jiko na choo. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingine alikuwa mwanamke, alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Makuti yalipochakaa, wengi waliezeka kwa madebe ya mafuta ya taa na petroli. Debe la lita 18 hivi lilipasuliwa, likanyooshwa kwa nyundo, likapigiliwa misumari juu ya boriti. Na kule Gerezani, mafundi wa bati waliyageuza makopo na madebe kuwa vibatari, majiko ya mkaa na masanduku. Hivyo mpangaji aliweza kulala chini ya debe, kupikia jiko la debe, na kuwasha taa ya kopo. Mafuta yalikwisha zamani. Chombo kilikuwa kimeanza maisha mengine.

Uchunguzi wa J. A. K. Leslie, uliofanywa katikati ya miaka ya 1950 na kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 1963, unaonyesha jinsi nyumba hizo zilivyokuwa zimejaa. Sensa ya mwaka 1957 iliuhesabia mji wakazi 128,742, na sehemu kubwa ya Waafrika wake walikuwa wapangaji wa chumba. Chumba kimoja kilikuwa nyumba nzima. Pazia lililotandazwa kwenye kamba lilikigawa mara mbili: mbele mgeni alikaribishwa, nyuma palikuwa na kitanda, na chini ya kitanda sanduku. Ukutani zilitundikwa kalenda za maduka, ambazo mwaka wake ukipita picha hubaki. Juu ya meza, viti na redio vilitandikwa vitambaa vya kufuma kwa uzi mweupe, vikaoshwa na kutiwa wanga ili visimame. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichohitaji idhini ya mwenye nyumba, na vyote viliweza kushushwa asubuhi moja na kupakiwa kwenye mkokoteni.

Kitambaa kilichofanya kazi nyingi kuliko vyote kilikuwa kanga. Kanga hununuliwa kwa doti, vipande viwili, kila kimoja na pindo lake, mji wake na jina lake. Na mtaa wa Kichwele, ulioitwa Uhuru baada ya mwaka 1961, ukawa ndio mtaa wake. Maisha ya kanga yalikuwa na ngazi zinazojulikana. Kwanza ilikuwa nguo ya kutokea, ya arusi na sikukuu. Rangi ikianza kufifia ilishuka kuwa nguo ya nyumbani. Baada ya hapo ikawa mbeleko au winda la mtoto, au pazia la dirisha, jina lake likisomeka kinyumenyume kwa mpita njia. Mwisho ikawa tambara la kupigia deki. Mtoto wa Kariakoo aliweza kubebwa kwa kanga ya arusi ya mama yake na baadaye kufutia sakafu kipande chake, bila mtu yeyote kuona kwamba kitu kimetupwa.

Mkeka ulidai subira zaidi. Ukindu ulikuja kutoka Rufiji na kwingineko pwani, na mikeka iliyokwisha kushonwa ilitoka Mafia, kisiwa ambacho wasukaji wake wana sifa ya kazi laini. Lakini wanawake wengi wa uani waliendelea kusuka wenyewe. Majani machanga hukaushwa juani mpaka yawe meupe, yakachanwa chane, na chane nyingine zikachemshwa katika rangi. Kisha husukwa ukili mrefu, mwembamba, unaokunjwa kama utepe kadiri unavyoendelea, na ukili huo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana utimie. Kazi hiyo haina haja ya meza wala mashine, na huweza kusimamishwa wakati wowote mtoto akilia au sufuria ikifoka. Ndiyo maana iliukubali uani, mahali ambapo hakuna aliyekuwa na saa nzima iliyo yake. Msusi wa ukili na mtunzi wa shairi wana shida moja: kipande hiki lazima kilingane na kile, ama sivyo mshono utaonekana. Kiswahili kimeliona hilo zamani, kwani hutumia neno kutunga kwa mashairi na kwa shada la asumini.

Kazi hizi zilikuwa na majira, na majira ya pwani hayakai mahali pamoja. Mwaka wa mwezi mwandamo hupungukiwa na mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Ramadhani huzunguka kutoka kipupwe hadi masika, na kutoka masika hadi kiangazi. Ramadhani ikiangukia masika, ukindu haukauki. Hupata ukungu, na rangi hazishiki. Mwanamke aliyetaka mkeka mpya wa Idd alilazimika kuhesabu mbali, akaanza kabla ya mvua. Ukuta wa udongo nao ulingoja mvua ipite ndipo ukandikwe upya na kupakwa chokaa. Kwa namna hiyo familia zilizoea kukumbuka miaka yao kwa mambo haya: Idd ya mafuriko, Idd ya pazia jekundu, Idd ya mwisho ya bibi aliyeufuma mto ambao sasa haulaliwi.

Siku za mwisho za Shaabani na za Ramadhani zilikuwa siku za kuvua na kuvika chumba. Mapazia yalishushwa na kufuliwa, foronya zilizotarizwa zikatolewa sandukuni, mkeka wa kila siku ukakunjwa na ule wa wageni ukatandikwa. Idd ikifika, sahani zilizofunikwa kawa zilikwenda kutoka chumba hadi chumba, hata kwa jirani Mkristo, naye alizirudisha Krismasi zikiwa na kitu ndani yake. Watoto walivikwa na kupelekwa Mnazi Mmoja. Uwanja uliokusudiwa kutenganisha watu uligeuzwa kuwa mahali pa sala, maulidi na bembea. Hicho nacho ni kitu kilichopewa kazi ya pili, na huenda ndicho kikubwa kuliko vyote.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba uani palikuwa mahali pa urembo tu. TANU ilizaliwa Julai 1954 katika mtaa uliokuwa ukiitwa New Street, ambao leo ni Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo. Mwaka uliofuata chama kilipotaka wanawake, kilimpata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Aliwaendea wenzake wa vikundi vya ngoma, wanawake waliokwisha kuzoea kuchangishana fedha, kununua kanga za sare na kukutana nyuani. Katika muda wa miezi michache wanachama wanawake walihesabika kwa maelfu. Wanaume wengi walikuwa na ajira za serikali za kupoteza. Wanawake wa uani walikuwa na mtandao uliofumwa kwa miaka katika arusi, misiba na sikukuu. Ustadi wa kuunganisha vipande ulikuwa tayari. Ulitafutiwa kazi nyingine.

Uhuru ulileta viwanda. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilichapa kanga za nyumbani. Soko jipya lililobuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki, lilifunguliwa mwaka 1975, paa lake likiwa kama miavuli mikubwa ya zege. Kisha ikaja dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika: sabuni, uzi, shuka, hata kanga yenyewe. Nguo kuukuu za Ulaya, ambazo watu waliziita kafa ulaya, zilikuwa zimewekewa vikwazo. Miaka hiyo kutumia tena hakukuwa hiari. Sweta liliweza kufumuliwa ili uzi wake ufumwe upya, na tairi la gari likawa viatu vya katambuga. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, na zaidi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi kuanzia 1985, marobota yalirudi kwa jina la mitumba. Mapazia ya nyumba za Ulaya yakaning'inia katika madirisha ya Dar es Salaam, yakiwa yamekatwa na kupindwa upya kwa kipimo cha dirisha dogo. Waliokuwa na kumbukumbu ya dhiki waliyachagua kwa ustadi ambao mtu aliyekulia katika wingi hana.

Tangu miaka ya 1990 nyumba ya vyumba sita imekuwa ikitoweka Kariakoo. Thamani ya kiwanja imeishinda thamani ya nyumba. Mahali pa baraza pana fremu za maduka, na juu yake ghorofa. Wanunuzi huja kutoka Congo, Zambia, Malawi na Komoro. Soko la Amuli liliungua Julai 2021, na Novemba 2024 ghorofa iliporomoka katika mtaa wenye shughuli nyingi na kuua watu zaidi ya 20. Warithi wa nyumba za udongo wengi waliuza na kuhamia Mbagala, Tandika au Gongo la Mboto, na vitu vyao vikaenda nao kwa wepesi uleule wa zamani, kwa kuwa vilifanywa na watu waliojua kwamba huenda wakahama. Uani haukuweza kupakiwa. Msichana aliyejifunza ukili hakufundishwa na mwalimu. Alikaa karibu na waliokuwa wakisuka, wa chumbani kwao na wa vyumba vingine, mpaka vidole vikajua. Ghorofa ina ngazi na milango inayofungwa, na mafunzo ya namna hiyo hayana pa kukaa.

Hata hivyo, jioni ya mwisho ya Ramadhani, mitaa ya Congo, Msimbazi na Sikukuu haipitiki. Watu hupimia mapazia mikononi, huchambua marobota, huulizia bei ya mikeka ya plastiki yenye nakshi zinazokumbusha ukindu. Usiku huo, katika vyumba vya mji mzima, vingi vikiwa bado vya kupanga, mtu atapanda juu ya kiti na kuning'iniza pazia ambalo lilikuwa la mtu mwingine, kisha atashuka, arudi nyuma hatua mbili, na kulitazama kama limekaa sawa.