Dansi, teatro na muziki: namna wanafunzi na wakubwa waliowatangulia wanafunguliana milango ya kazi

Kuanzia Bunia mpaka Bukavu, kijana anayejifunza dansi, teatro ao muziki anagundua mapema kwamba diploma peke yake haitoshi. Katika kazi hizi, ni mara chache kuona tangazo lenye kubandikwa ku ukuta kusema kompanyi inatafuta wachezaji watatu. Mara nyingi mwenye kutayarisha mchezo anauliza watu anaowajua: «Ni nani anaweza?» Jina lenye kutajwa siku ile njo linapata kazi.

Ndiyo sababu uhusiano kati ya wanafunzi na wakubwa wao, ni kusema wale waliomaliza mafunzo mbele yao na wako kazini, ni sehemu ya masomo yenyewe.

Shule iko mbali

Shule kubwa ya serikali kwa sanaa hizi, Institut National des Arts (INA), iko Kinshasa. Inafundisha muziki na teatro, na watu waliopita mule wanapatikana katika kazi nyingi za utamaduni. Mfano ni faili ya rumba, iliyoingia kwenye orodha ya UNESCO mwezi wa 12 mwaka 2021. Kwa upande wa Kongo-Kinshasa, ilisukumwa na tume iliyoongozwa na profesa André Lye Yoka, aliyekuwa pia mkuu wa INA.

Lakini kwa mutoto wa Kivu ao Ituri, Kinshasa ni mbali, na tiketi ya ndege ni bei kali. Tangu uwanja wa ndege wa Goma kufungwa mwezi wa kwanza 2025, safari ilikuwa ngumu zaidi. Njo maana, ku mashariki, vituo vya utamaduni vimefanya kazi ya shule. Goma, Yolé!Africa, ya Petna Ndaliko Katondolo, iko inafundisha vijana sinema, muziki na dansi tangu 2002.

Mfano wa Kisangani

Faustin Linyekula alikomalia Kisangani. Mwaka 1993, wakati vyuo vikuu vya Zaire vilikuwa vimefungwa, alienda Nairobi. Kule, mwaka 1997, yeye na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen walianzisha kundi la dansi Gàara. Aliporudi, alianzisha Studios Kabako mwaka 2001 Kinshasa, kisha akahamishia kazi Kisangani. Jina hilo ni la rafiki yake aliyekufa kwa tauni.

Studios Kabako si shule yenye kutoa diploma. Kijana anapata pale nafasi ya repetisyo, walimu, na msaada wa kutengeneza mchezo wake mwenyewe. Anafanya kazi pembeni ya watu wenye kusafiri na kulipwa, na anaona kwa macho namna mchezo unauzwa, namna taa zinafungwa, namna bajeti inaandikwa.

Serge Kakudji, mwimbaji wa sauti ya kontratena aliyekulia Lubumbashi, aliimba katika mchezo wa Linyekula uitwao Dinozord. Mwaka 2008 akaimba katika «Pitié!» ya Alain Platel, mtunzi wa dansi wa Ubelgiji. Mwaka 2014, katika «Coup Fatal», hakuwa tena peke yake: alipanda jukwaani pamoja na wanamuziki zaidi ya kumi wa Kinshasa, pamoja na mpiga gitaa Rodriguez Vangama. Mlango uliofunguliwa kwa mutu mmoja ulipitisha kundi zima.

Dorine Mokha, mchezaji na mwandishi wa Lubumbashi, naye alitembea na Studios Kabako. Hakubakia kivulini mwa mukubwa wake: aliongoza Art'gument Project kwao Lubumbashi, vijana wengine wapate pa kuanzia. Alifariki mwezi wa kwanza 2021, akiwa na miaka 31 tu. Kifo chake kinaonyesha uzaifu wa mnyororo huu: pale kila kitu kinashikwa na mutu mmoja, akiondoka, wadogo wanabaki bila njia.

Mukubwa anasaidia nini?

Si feza kwanza. Mukubwa anaweza kumuacha mwanafunzi aingie ku repetisyo na kutazama. Anaweza kusoma dosie yake mbele haijatumwa ku festivali, maana dosie nyingi zinakataliwa kwa sababu ya video mbaya ao bajeti isiyoeleweka. Anaweza kumwambia bei ya kweli ya kazi, asikubali kucheza siku tatu kwa soda na transport. Na anaweza kumtaja pale yeye mwenyewe amekosa nafasi.

Mwanafunzi naye ana deni. Kufika saa, kujifunza pia kazi za nyuma ya sene kama sauti na taa, kutuma habari hata siku haombi kitu. Mwenye kupiga simu tu wakati wa shida anachokesha. Tena wanafunzi wa promo moja wasisahauliane: rafiki wa leo njo atakuwa mwenye kupanga festivali kesho.

Mipaka

Msaada wa mukubwa haulipwi kwa mwili. Mwenye kuomba mapenzi ili atoe nafasi anafanya kosa, na sheria ya 2006 juu ya ubakaji na jeuri za kingono inaazibu unyanyasaji wa namna hiyo. Wasichana wengi wanaacha sanaa kwa sababu ya jambo hili, na wazazi wengi wanawakataza. Kwenda kuonana na mukubwa mchana, mahali pa kazi, pamoja na mwenzako, ni ulinzi wa kwanza.

Jambo la pili ni karatasi. Hata kati ya ndugu, kontra iandikwe: siku ngapi, feza ngapi, nani mwenye mchezo. Sheria ya tarehe 5 mwezi wa nne 1986 inalinda haki za watunzi, na SOCODA njo shirika lenye kukusanya haki hizo katika inchi. Mukubwa mwenye nia nzuri hakatai kusaini.