Kipande cha Shingoni na Nambari ya Mfanyabiashara

Msomaji, ukipita sokoni Karatina utamwona mama auzaye viazi na karoti. Hakuajiriwa na mtu, wala yeye hakumwajiri mtu. Hata hivyo, akitaka kuandikisha jina la biashara yake, ataulizwa nambari yake ya kodi. Je, wajua ya kuwa wazee wa nchi hii ya Mlima Kenya waliijua nambari ya namna nyingine, tena yenye uchungu?

Waingereza waliweka kodi ya nyumba mwaka 1901, na mwaka 1902 wakajenga boma la Nyeri. Mwenye wake wengi alilipia nyumba ya kila mke. Fedha ilikuwa haba vijijini, basi vijana walilazimika kwenda kuitafuta katika mashamba ya walowezi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sheria ya mwaka 1915 ilipoanza kutekelezwa, wanaume Waafrika walipewa kipande chenye nambari na alama za vidole, wakakivaa shingoni ndani ya mkebe mdogo. Humo liliandikwa jina la bwana na kiasi cha mshahara. Na bila sahihi ya bwana, mtu hakuweza kuiacha kazi. Harry Thuku aliyapinga mambo hayo, akakamatwa mwezi Machi 1922. Mwaka 1947 ilitungwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote badala ya ile ya kipande.

Nambari ya leo hutolewa na Mamlaka ya Mapato ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1995. Ina tarakimu 9 katikati ya herufi mbili: ya mtu binafsi huanza na A, ya kampuni huanza na P. Mwenye duka la peke yake hutumia ile ile yake, kwa kuwa mbele ya kodi yeye na duka ni kitu kimoja. Asipokuwa na wafanyakazi, hana kodi ya mishahara ya kukata. Lakini mapato yake hana budi kuyaeleza kila mwaka.

Tazama tofauti. Kipande kilimtambulisha mtu kwa bwana wake. Nambari hii yamtambulisha kwa kazi yake mwenyewe. Wazee walilipa bila kura. Wewe utalipa ukiwa nayo. Basi utakapofungua kibanda chako Nyeri, Nanyuki au Embu, andika hesabu zako, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha uiulize serikali nayo hesabu yake.