Muuza Maziwa Aliyefufua Bia ya Kijiji Chake

Katika nchi ya Ubelgiji, mashariki ya jiji la Brussels, kipo kijiji kiitwacho Hoegaarden. Nje ya nchi hiyo jina hilo linajulikana zaidi kama jina la bia kuliko jina la kijiji. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya bia hiyo, jinsi ilivyokufa, jinsi ilivyofufuliwa na mtu mmoja aliyekuwa akisambaza maziwa, na jinsi wenye fedha walivyotaka kuihamisha wakashindwa. Najua wako wasikilizaji wasiogusa kileo kwa sababu za dini au za afya. Hao nawaomba wavumilie kidogo, maana habari yenyewe ni ya ufundi na mali zaidi kuliko ya ulevi.

Kwanza tuielewe bia yenyewe. Bia nyingi tulizozoea mijini kwetu hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, na huchujwa hata ukiinua glasi unamwona mwenzako wa upande wa pili. Bia ya Hoegaarden haiko hivyo. Wapishi wa kijiji kile huchanganya kimea cha shayiri na ngano mbichi, yaani ngano ambayo haikuoteshwa, kisha hutia mbegu za giligilani na maganda makavu ya danzi, lile chungwa chungu ambalo watu wa pwani wanalijua kwa achari. Haichujwi. Hamira na unga wa ngano hubaki ndani, na kinywaji huwa na ukungu wa rangi ya manjano iliyopauka. Ndiyo sababu wenyewe wakaiita bia nyeupe.

Mtu anaweza kuuliza giligilani na danzi vilifikaje katika kijiji cha wakulima wa Ulaya wasiokuwa na mti hata mmoja wa danzi. Jibu liko katika meli za Waholanzi. Waholanzi walikuwa wakitawala kisiwa cha Curaçao katika bahari ya Karibi, na maganda ya machungwa ya huko yakawa bidhaa ya kawaida katika maduka ya viungo ya nchi zile za bondeni.

Aliyewahi kunywa mbege kule Kilimanjaro hatashangazwa sana na bia yenye ukungu. Mbege ina ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na uchungu wake hutokana na gome la msesewe. Mama wa Marangu na mpishi wa Hoegaarden wangekutanishwa jikoni, nadhani wangeelewana kabla ya mkalimani kufika.

Katika karne ya 18 na ya 19 Hoegaarden ilikuwa na makumi ya viwanda vidogo vya bia, ingawa chenyewe kilikuwa kijiji tu. Kisha likaja pigo kutoka Bohemia. Mwaka 1842, katika mji wa Plzeň, fundi wa Kijerumani aitwaye Josef Groll alitengeneza bia ya rangi ya dhahabu, safi, iliyochachushwa kwa baridi. Glasi zilikuwa zikianza kuwa rahisi wakati ule, na watu wakapenda kuona wanachokunywa. Reli na mashine za barafu zikaisambaza aina hiyo dunia nzima, na hata bia zinazouzwa Dar es Salaam na Nairobi, nyingi ni wajukuu wa bia ile ya Plzeň. Vita mbili kuu nazo zikapita juu ya Ubelgiji. Katika ile ya kwanza jeshi la Wajerumani lilinyang'anya masufuria makubwa ya shaba kutoka viwanda vya bia, na wenye viwanda vidogo wengi hawakuweza kununua mengine. Mwaka 1900 Ubelgiji ilikuwa na viwanda vya bia zaidi ya 3,000. Kufikia miaka ya 1980 vilikuwa havizidi 150.

Kiwanda cha mwisho cha bia nyeupe pale Hoegaarden kilikuwa cha mzee aitwaye Tomsin, nacho kilifungwa katika miaka ya 1950. Angalia wakati huo. Ni miaka hiyo hiyo ambapo wenye mitaji wa Ubelgiji walikuwa wakijenga viwanda katika makoloni yao: Brarudi pale Bujumbura ilianza mwaka 1955, na Bralirwa ya Rwanda iliundwa mwaka 1957. Huko hawakupeleka bia nyeupe. Walipeleka bia safi ya dhahabu, Primus, ambayo Kongo ilikuwa imekwisha kuizoea. Mbelgiji wa kijijini alipoteza bia ya babu yake wakati mmoja na Mrundi kuambiwa kwamba bia ya kistaarabu ni ile ya chupa.

Sasa tuje kwa muuza maziwa. Pierre Celis alizaliwa Hoegaarden mwaka 1925. Nyumba yao ilikuwa jirani na kiwanda cha Tomsin, na akiwa kijana alikuwa akienda kusaidia kazi pale. Hakusomea utengenezaji wa bia katika chuo chochote. Alijua kwa macho na kwa pua, kama vile mtoto wa fundi seremala anavyojua mbao. Baadaye akashika kazi ya familia, ng'ombe na usambazaji wa maziwa. Kiwanda kilipokwisha kufungwa, wazee wa kijiji wakawa wanalalamika kwamba wanaikosa bia yao. Celis akaanza majaribio nyumbani kwa chombo cha kuchemshia nguo. Mwaka 1966 akaanza kuuza.

Hapa ndipo ninapotaka msikilizaji atulie kidogo. Hakukuwa na kitabu cha Tomsin kilichoandikwa vipimo vyote, ambacho Celis angekifungua na kukifuata. Kipimo chake kilikuwa ndimi za wazee. Alipika, wakaonja, na wao ndio waliojua kama kilichomo katika glasi ni kile cha zamani au sicho. Laiti angechelewa miaka 30, wazee wale wangekuwa makaburini, na hakuna maabara ambayo ingeweza kumwambia kama amepatia. Aina ya bia hufa mara mbili: kwanza kiwanda kinapofungwa, halafu anapokufa mtu wa mwisho anayekumbuka ladha yake. Celis aliiwahi kati ya vifo hivyo viwili.

Bia ikapendwa. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Leuven, mji ulio jirani, wakaichukua kuwa yao, labda kwa sababu haikufanana na bia ya baba zao. Uholanzi nayo ikaanza kuinunua. Celis akahamia katika jengo lililokuwa kiwanda cha soda.

Wakati huo huo akatokea Mwingereza mmoja, mwandishi wa habari kutoka Yorkshire, jina lake Michael Jackson. Si yule mwimbaji, na mwenyewe alizoea kuwatania watu juu ya jambo hilo. Mwaka 1977 alitoa kitabu kiitwacho The World Guide to Beer. Kabla yake watu walizungumzia bia kwa majina ya viwanda au kwa nchi. Jackson alizipanga kwa aina, kila aina na historia yake, na akaonyesha kwamba bia inaweza kuonjwa kwa makini kama Wafaransa wanavyoonja mvinyo. Aliwapenda sana Wabelgiji, na mwaka 1991 akawaandikia kitabu chao peke yao. Wapenzi wa bia kutoka Marekani na Uingereza walianza kufunga safari kwenda vijijini Ubelgiji, kitabu mkononi, wakitafuta bia ambazo hata watu wa Brussels walikuwa wamezisahau. Jackson alifariki London mwaka 2007.

Namna ya kuonja si uchawi. Bia nyeupe isiwe ya baridi kali kama tunavyoipenda kwetu kwenye joto, maana barafu huua ulimi. Mimina kiasi cha robo tatu, zungusha chupa taratibu ili ule ukungu wa chini uamke, kisha umalizie. Inusie kabla ya kunywa: danzi hutangulia, giligilani hufuata, na harufu ya mkate iko nyuma yake. Mdomoni ina ugwadu kidogo wa ngano na uchungu haba. Ina kilevi cha asilimia 4.9 tu. Anayetafuta kulewa haraka atakuwa amekosea mlango.

Mwezi Oktoba 1985 moto uliteketeza kiwanda cha Celis, na bima yake haikutosha kukijenga upya. Kampuni ya Artois ya Leuven ilimpa fedha, nayo ikapata sehemu ya hisa. Miaka michache baadaye Artois iliungana na mwenzake wakawa Interbrew. Celis alieleza baadaye kwamba wakubwa wapya walimsukuma apunguze gharama na kubadili mapishi. Kufikia 1990 alikuwa amejitoa. Mtu wa miaka 65, ambaye angeweza kukaa barazani, alivuka bahari akaenda Austin, Texas, na mwaka 1992, pamoja na binti yake Christine, akafungua kiwanda kingine cha bia nyeupe. Mwaka 1995 kampuni kubwa ya Miller iliingia humo kwa hisa. Kufikia 2001 kiwanda kilikuwa kimefungwa. Mara mbili mtu huyu alijenga, na mara mbili mwenye fedha alichukua.

Msikilizaji asidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Kampuni ya Afrika Kusini iliyoingia katika Tanzania Breweries mwaka 1993 ndiyo iliyoinunua Miller mwaka 2002 na kuitwa SABMiller. Interbrew nayo ilikua ikawa InBev mwaka 2004, halafu AB InBev, na mwaka 2016 ikainunua SABMiller pamoja na hisa zake za Tanzania. Safari na Kilimanjaro zikajikuta ukoo mmoja na bia ya yule muuza maziwa.

Mwaka 2005 InBev ilitangaza kwamba kiwanda cha Hoegaarden kitafungwa na kazi yake ihamishiwe kiwanda kikubwa cha Jupille, upande wa Wabelgiji wanaosema Kifaransa. Kwa hesabu za makao makuu lilikuwa jambo la maana: bia ni ile ile, karatasi ya chupa ni ile ile. Wanakijiji waliandamana. Wafanyakazi na wanywaji wakapiga kelele, na magazeti ya Ubelgiji yakaliandika kila mara. Mwaka 2007 kampuni ilibadili uamuzi, na uzalishaji ukabaki Hoegaarden. Kampuni ilisema mauzo yalikuwa yameongezeka. Watu wa kijiji walikuwa na maelezo yao, kwamba bia ya Jupille haikukubali kufanana. Mimi naona sababu zote mbili zinaweza kukaa pamoja, kwa kuwa mauzo hayaongezeki wateja wakianza kutilia shaka ulimi wao.

Novemba 2016 kamati ya UNESCO, iliyokuwa ikikutana Addis Ababa, iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu. Mbege ilikuwa ikipikwa wakati huo huo, safari fupi ya ndege kutoka katika ukumbi ule, na wenye kuijua wengi wao ni wanawake wenye umri mkubwa.

Celis hakuuona uamuzi wa Addis Ababa. Alirudi Ubelgiji kutoka Texas, akashirikiana na kiwanda cha St. Bernardus cha Watou kutengeneza bia nyeupe nyingine, akafariki Aprili 2011 akiwa na miaka 86. Bia hiyo ya Watou haina jina lake kubwa kwenye chupa. Anayezikuta zote mbili mahali pamoja, Hoegaarden na hii, azimimine katika glasi mbili zinazofanana, aanze na ile ya Watou, kisha ajiulize ni ipi mzee Tomsin angeitambua.