Homoni Haikuzidi Wala Kupungua

Mwaka 1931 daktari Robert Frank wa New York aliandika habari za wanawake 15 ambao, siku chache kabla ya hedhi, walishikwa na fadhaa na hasira wasizoweza kuzizuia, kisha damu ilipoanza kutoka wakatulia. Aliamini kuwa homoni ya kike imewazidi, basi akawapa dawa za kuharisha ili itoke. Waliozidiwa kabisa, ovari zao zilipigwa mionzi. Mwaka 1953, Katharina Dalton na Raymond Greene wa Uingereza walishikilia kinyume chake: homoni ya projesteroni imepungua. Dalton aliitoa kama tiba kwa miaka mingi. Anastahili heshima kwa kuwasikiliza wanawake waliokuwa wakipuuzwa, lakini uchambuzi wa majaribio uliochapishwa mwaka 2001 haukuona kuwa projesteroni inawasaidia. Yeye na Frank walipingana juu ya jibu tu. Swali lao lilikuwa moja, nalo ndilo lililopotosha tiba: homoni ni kiasi gani?

Swali hilo lilivunjwa mwaka 1998. Peter Schmidt na wenzake nchini Marekani walizima kazi ya ovari kwa dawa, na wagonjwa wengi wa fadhaa hiyo ya kabla ya hedhi wakapata nafuu. Waliporudishiwa estrojeni au projesteroni, huzuni ikarudi. Wanawake wasio na ugonjwa huo walipewa homoni zilezile na hawakudhurika. Tofauti, basi, imo katika namna ubongo unavyoipokea homoni ya kawaida.

Wapo waliopinga hali hii kuitwa ugonjwa, miongoni mwao mwanasaikolojia Paula Caplan, wakihofu kwamba hasira ya haki ya mwanamke itaitwa wazimu, na kwamba kampuni za dawa ndizo zitakazofaidi. Hofu ya pili haikuwa ya bure: mwaka 2000 kampuni ya Eli Lilly iliruhusiwa kuuza fluoksetini, dawa ileile ya sonona iitwayo Prozac, kutibu hali hii kwa jina jipya la Sarafem. Lakini tamaa ya muuzaji haifuti nafuu ya mgonjwa. Dawa za kundi la fluoksetini huchukua wiki kadhaa kutibu sonona. Kwa fadhaa ya kabla ya hedhi huweza kusaidia ndani ya siku chache, hata zikimezwa katika nusu ya pili ya mzunguko pekee. Hofu ya kwanza ndiyo nzito zaidi, na kinga yake imo katika vigezo vilivyothibitishwa Marekani mwaka 2013: mgonjwa aandike hali yake kila siku kwa mizunguko isiyopungua miwili, na dalili zipungue hedhi inapoanza. Mwanamke aliyekasirishwa na mume au mwajiri wake mwezi mzima, daftari hilo halitamwita mgonjwa.